Wayahudi wa Nairobi na Mbale: yanayosemwa na yalivyo

Huku Afrika Mashariki wengi wetu tunamjua Myahudi kupitia mimbari au taarifa ya habari. Kanisani ni taifa teule, na kwenye taarifa ni vita. Wale wanaoishi papa hapa, wanaohangaikia karo na kuugua malaria kama sisi, ni wachache wanaowajua. Kwa hiyo pengo linajazwa na maneno ya vijiweni, na mengi ya maneno hayo hayana mguu wala kichwa. Hapa nachukua yale ninayoyasikia mara kwa mara.

“Waingereza waliwapa Wayahudi nchi ya Uganda”

Hili utalisikia hata kwa watu waliosoma. Ukweli ni kwamba ardhi iliyozungumzwa iko Kenya: nyanda za Uasin Gishu, kule ambako leo kuna Eldoret. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alikuwa amesafiri kwa reli ya Uganda mwishoni mwa 1902. Mwaka uliofuata serikali yake ikampa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka nchi yao wenyewe, pendekezo la kuwatafutia hifadhi huko Wayahudi waliokuwa wakiuawa na kufukuzwa Urusi. Sehemu hiyo ilikuwa imehesabiwa chini ya Uganda hadi 1902, kisha ikahamishiwa upande wa pili wa mpaka. Jina la zamani likaganda midomoni, na mpango ukabaki kuitwa wa Uganda hadi leo.

Tena hakuna aliyepewa kitu. Mkutano wa Wazayuni uliofanyika Basel mwaka 1903 uligawanyika vibaya, baadhi ya wajumbe kutoka Urusi wakatoka nje kwa hasira. Ulichokubali ni kutuma watu watatu wakaikague ardhi. Walikuja, wakazunguka, wakarudi na ripoti isiyotia moyo, na mwaka 1905 mkutano ukalikataa pendekezo. Herzl mwenyewe alishafariki mwaka mmoja kabla. Ardhi ikaja kuchukuliwa na Makaburu kutoka Afrika Kusini, ambao msafara wao mkubwa ulifika 1908. Wanandi na Wamaasai waliokuwa wakilisha ng'ombe kule hawakuulizwa, si 1903 wala 1908. Ajabu ni kwamba katika ubishi wote wa mada hii, jambo hilo ndilo la mwisho kutajwa, kama litatajwa kabisa.

“Wayahudi wa Mbale ni mabaki ya mpango huo, au ni kabila lililopotea”

Si hili wala lile. Wayahudi wa Mbale, wanaojiita Abayudaya, wanatokana na mtu mmoja mkaidi na Biblia yake ya Kiganda.

Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa mashariki ya Uganda. Mji wa Mbale wenyewe kwa kiasi kikubwa ni kazi ya mikono yake. Alitarajia angalau kuachiwa utawala wa maeneo aliyoyateka. Waingereza wakamzungusha, wakampunguzia madaraka hatua kwa hatua, mwisho akajiondoa akiwa na kinyongo. Akajiunga na dhehebu la Wamalaki, Wakristo waliokataa dawa za hospitali na kuishika Sabato. Lakini aliendelea kuisoma Torati, na kila alivyoisoma ndivyo alivyoona kwamba amri zake hazina tarehe ya mwisho. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe. Wenzake walimwonya kwamba tohara ni mambo ya Wayahudi, naye akaona basi, Wayahudi ndio sisi.

Kwa muda imani yao ilikuwa mchanganyiko, Yesu bado akiwa ndani. Mwaka 1920 Kakungulu alikutana Kampala na mfanyabiashara Myahudi aliyekumbukwa kwa jina la Yosef tu. Mgeni huyo alikaa nao miezi kadhaa, akawafundisha kalenda, sikukuu na kuchinja kwa sheria. Mwaka 1922 Kakungulu akatoa kitabu cha Kiganda chenye kanuni na sala, kikawa mwongozo wa jumuiya. Alifariki 1928, na waliobaki waliendelea bila rabi.

Kwa hiyo Abayudaya hawadai damu ya Ibrahimu. Katika hilo wanatofautiana na Wayahudi wa Ethiopia, ambao wana simulizi lao refu la asili. Ukimwuliza mzee wa Nabugoye, kilima chao karibu na Mbale, babu yake alitoka wapi, atakutajia kijiji cha jirani.

“Myahudi na Mwisraeli ni kitu kimoja”

Uisraeli ni uraia, na wapo raia wa Israeli ambao ni Waislamu, Wakristo na Wadruzi. Na wapo Wayahudi wengi ambao hawajawahi kukanyaga Israeli. Kuchanganya mambo haya kuliwahi kuwagharimu watu wa Mbale. Idi Amin alivunja uhusiano na Israeli mwaka 1972, na katika utawala wake dini ya Kiyahudi ilipigwa marufuku nchini Uganda. Wakulima wa Kigwere na Kigisu waliojihifadhia Sabato yao vilimani wakajikuta wakilipia ugomvi wa marais. Masinagogi yakafungwa, wengi wakasilimu au wakaingia makanisani, na waliobaki, inakadiriwa watu mia tatu hivi, wakawa wanasali kwa kujificha.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Kwa kalenda ya Kiyahudi, jioni ya siku hiyo hiyo ndiyo iliyoanza Pasaka, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani kwa Farao. Abayudaya hawachoki kulisimulia hili, na kwa kweli nani angechoka?

“Wote ni matajiri”

Nairobi ina mfano unaotumiwa sana hapa. Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania, aliingia Kenya mwaka 1903 kupitia Afrika Kusini, na baadaye akawa mwenye hoteli za Norfolk na New Stanley. Kinachoachwa ni miaka iliyotangulia, ya shamba lisilolipa na biashara ndogondogo. Husimuliwa kwamba aliwahi kushona magodoro ya majani makavu. Pia wanaachwa wakimbizi waliofika kutoka Ujerumani miaka ya 1930, wanasheria na madaktari waliogeuzwa wasimamizi wa mashamba kwa mshahara wa kubahatisha. Vita vilipoanza 1939, wanaume kati yao walikamatwa na Waingereza kama raia wa nchi adui, wao waliokuwa wamemkimbia Hitler! Nairobi ilikuwa na jumuiya ya kuwapokea na kuwatafutia kazi. Jumuiya hiyo haikuwahi kuwa kubwa, ingawa ilitoa hata meya wa jiji, Israel Somen, katikati ya miaka ya 1950. Baada ya uhuru wengi walihama, na leo sehemu kubwa ya waliopo ni wageni wa kazi.

Ukitaka kuliondoa wazo la utajiri kabisa, panda kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya Mbale. Utaona migomba, mahindi, kahawa, nyumba za matofali ya kuchoma. Viatu huachwa mlangoni mwa sinagogi. Ijumaa jioni zaburi huimbwa kwa Kiebrania na Kiganda, ngoma na gitaa vikipokezana. Wanaume wanavaa kofia pana za kufuma zenye rangi kali, zikizungushiwa picha ya kinara cha matawi saba. Kofia hizo hufumwa na wanawake na kuuziwa wageni, na nyingine husafirishwa hadi Marekani, kwa hiyo kofia ya sala ni karo ya mtoto pia. Sinagogi jipya, lililofunguliwa 2016, ni jengo la kupendeza, nalo lilijengwa kwa michango ya wafadhili wa ng'ambo. Mkulima anayesali ndani yake bado anangoja msimu wa kahawa kama jirani yake.

“Wanasaidiana wao kwa wao tu”

Hapa ndipo porojo zinapokutana na jambo ambalo mtu anaweza kwenda kulitazama kwa macho yake.

Kusaidia mhitaji kwa Myahudi ni deni, maana Torati imemwamuru. Maimonides, mwanazuoni na tabibu aliyeishi Misri katika karne ya 12, aliipanga sadaka katika ngazi nane, na ya juu kabisa ni kumwezesha mtu asimame mwenyewe, kwa mkopo, kwa ubia au kwa kumpa kazi. Mkopo huo haupaswi kuwa na riba, jambo ambalo Mwislamu wa Pwani atalielewa bila kufafanuliwa. Huko New York kuna chama kilichoanza 1892 kikikopesha wahamiaji maskini bila riba, na bado kinakopesha, bila kuuliza dini ya mkopaji.

Mbale ngazi hiyo ya juu imechukua sura ya kahawa. J. J. Keki, mkulima na mwanamuziki wa Abayudaya, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001. Aliporudi alizunguka vijijini akiwashawishi majirani wauze kahawa pamoja, na mwaka 2004 ukaanzishwa ushirika wa Mirembe Kawomera, wenye wakulima Wayahudi, Waislamu na Wakristo wa miteremko ya Mlima Elgon. Kahawa ikapata mnunuzi California kwa bei ya biashara ya haki. Viongozi wa ushirika walichaguliwa kwa kuchanganya dini, na naona hilo lilikuwa na maana kuliko hotuba nyingi za maridhiano ninazozijua, kwa sababu hapa watu walikuwa wakigawana fedha.

Shule zao mbili, ya msingi ya Hadassah na ya sekondari inayobeba jina la Kakungulu, zina wanafunzi wa dini zote. Chakula cha mchana huchangiwa na marafiki wa nje, na hicho ndicho kinachowaweka watoto wengi darasani. Kituo cha afya cha Tobin, kilichofunguliwa Mbale mwaka 2010, kinatibu yeyote anayeingia. Pamoja nacho kulikuwa na kugawa vyandarua na kuchimba visima, na mbu hachagui dini. Kumbuka kwamba ukoo wa imani hii ulianzia kwa watu waliokataa dawa.

Mwaka 2016 wapiga kura wa Bungokho Kaskazini walimpeleka bungeni rabi wao, Gershom Sizomu, aliyesomea na kuwekewa mikono Los Angeles mwaka 2008. Abayudaya wote wa mashariki ya Uganda wanakadiriwa kuwa elfu mbili hivi, pamoja na watoto wachanga. Hesabu hiyo haimpi mtu ubunge. Kura zilitoka kwa Wakristo na Waislamu.

“Sinagogi ni kanisa la Jumamosi”

Nchini Kenya kosa hili lina sababu. Yapo makanisa yanayojiita ya Kimasihi, yenye nyota ya Daudi getini, pembe ya kondoo na mashali ya sala. Ni Wakristo, kwa kuwa wanamwamini Yesu kuwa Masihi, na hapo ndipo njia zinapoachana. Kuna familia za Wakenya katika nyanda za juu za kati zilizopitia makanisa hayo kisha zikaendelea mbele hadi kwenye Uyahudi wenyewe, zikakiacha kile ambacho wenzao hawakuweza kukiacha.

Sabato ya Wayahudi nayo huanza Ijumaa jua linapozama, kama Mwislamu anavyohesabu siku kuanzia magharibi. London mishumaa ya kuipokea Sabato huwashwa mapema mno wakati wa baridi na usiku wakati wa kiangazi. Nairobi na Mbale, karibu na ikweta, tofauti hiyo haifiki saa moja mwaka mzima. Mama wa nyumba anajua tu kwamba kuku awe ameshaiva kabla ya saa kumi na mbili, maana Sabato ikiingia hakuna kupika.

Kingine ni hesabu. Sala kamili ya jumuiya inahitaji watu wazima kumi. Nabugoye wanawake wanahesabiwa; Putti, kijiji kingine cha Abayudaya kinachofuata mkondo wa Kiorthodoksi, ule wa Wayahudi wanaoshika sheria kwa ukali zaidi, huhesabiwa wanaume peke yao, na ndivyo ilivyo Nairobi. Katika jumuiya ndogo mtu mmoja akisafiri pengo lake linaonekana kuliko la fedha zikipungua. Inatakiwa apatikane wa kuchinja, na msiba ukitokea wapatikane wa kumwosha na kumvisha maiti sanda nyeupe isiyo na mapambo, maana huzikwa haraka, tajiri na maskini kwa sanda ile ile.

Na lile geti la sinagogi la Nairobi, karibu na Chuo Kikuu, ambalo vijana hulitungia hadithi za siri? Hoteli ya Norfolk, iliyokuwa ya familia ya Block, ililipuliwa usiku wa kuamkia mwaka 1981. Hoteli ya Kikambala iliyomilikiwa na Waisraeli ikalipuliwa Novemba 2002, na wengi wa waliokufa walikuwa Wakenya. Walinzi wapo kwa sababu hizo. Mgeni anayetaka kuingia hutuma maombi mapema na kitambulisho chake.

“Wanatafuta waumini”

Kinyume chake. Anayetaka kujiunga kwa kawaida hukatishwa tamaa kwanza, kisha husoma kwa muda mrefu, huhojiwa na baraza la marabi watatu na kuzama majini. Abayudaya wapatao mia nne walipitia utaratibu huo mwaka 2002 mbele ya marabi wa mkondo wa Conservative, usio mkali kama wa Kiorthodoksi, baada ya zaidi ya miaka themanini ya kuishi Kiyahudi. Wale wa Putti wakaenda kwa marabi wa Kiorthodoksi.

Hata hivyo, kukubaliwa na marabi na kukubaliwa na wizara ni mambo mawili. Jewish Agency, chombo kinachoshughulikia uhamiaji wa Wayahudi, iliitambua jumuiya ya Abayudaya mwaka 2016. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli ikakataa kuifuata, na vijana wa Mbale walioomba kuhamia huko au kusomea dini wamekuwa wakinyimwa viza. Kesi zimefika hadi mahakama ya juu ya Israeli. Nabugoye wenyewe wamegawanyika: wapo wanaotaka kwenda, na wapo wanaouliza nani atabaki kuhesabika miongoni mwa wale kumi.