Kabla ya Jumamosi ya Mashindano: Maelezo kwa Wazazi wa Waogeleaji wa Ligi za Kiangazi

Msimu uliopita, jopo la waamuzi ninalofanya nalo kazi katika vitongoji vya Washington lilipokea malalamiko mengi kuliko ilivyo kawaida, na sehemu kubwa ilihusu jambo moja: mtoto ameogelea, amefika ukutani mbele ya wenzake, kisha matokeo yake yamefutwa. Miongoni mwa waliolalamika walikuwa wazazi kutoka Tanzania, Kenya na Kongo ambao watoto wao wanaingia katika mchezo huu kwa mara ya kwanza. Kwa kuwa waamuzi tunaozungumza Kiswahili ni wachache, nimeona ni wajibu wangu kueleza utaratibu wetu kwa lugha yetu kabla mabwawa hayajafunguliwa tena.

Ligi hizi ni za mtaa kwa mtaa, na zimekuwapo muda mrefu. Ile ya Virginia ya Kaskazini ilianza mwaka 1956. Katie Ledecky, mwenye medali tisa za dhahabu za Olimpiki, alianzia katika ligi kama hizi, upande wa Kaunti ya Montgomery, Maryland. Ninamtaja ili mzazi aelewe kuwa kanuni tunazozisimamia kwa mtoto wa miaka saba si za kumkomoa, kwani hata bingwa huyo alilelewa nazo.

Tuanze na umri, kwa sababu hapo ndipo maswali huanza. Watoto hugawanywa katika makundi ya miaka minane na chini, tisa hadi kumi, kumi na moja hadi kumi na mbili, kumi na tatu hadi kumi na nne, na kumi na mitano hadi kumi na minane. Umri unaohesabiwa ni ule aliokuwa nao mtoto tarehe 1 Juni. Aliyetimiza miaka tisa tarehe 5 Juni ataogelea na wa miaka minane msimu mzima, na aliyeitimiza tarehe 30 Mei ataogelea na wakubwa. Refa hawezi kuibadilisha tarehe hiyo, hata akiombwa kwa upole kiasi gani.

Siku yenyewe, fika kwa saa iliyotajwa na kocha, si kwa saa ya kuanza mashindano. Saa ya kocha ni ya kupasha misuli moto majini, na baada ya hapo bwawa hufungwa. Mtoto huandikwa mkononi kwa kalamu ya wino mzito namba ya shindano, ya kundi atakaloanza nalo na ya njia yake, yaani mstari wake bwawani, kisha huitwa kwenye mabenchi ambako msimamizi huwapanga watoto kwa zamu. Mtoto asiyekuwepo benchini wakati zamu yake inapofika hupoteza nafasi, na shindano halirudiwi. Tafadhali usimwondoe benchini ili kumpeleka kununua barafu tamu. Jambo hilo limetokea mara nyingi kuliko ningependa kukumbuka. Apate kifungua kinywa chepesi nyumbani, uji au mkate na ndizi, na pilau lingoje hadi mashindano yaishe.

Kuanza kuna hatua zake. Refa hupuliza filimbi fupi kadhaa, kisha filimbi moja ndefu inayowaita waogeleaji wapande kwenye vibao vya kurukia au wasimame ukingoni. Kwa wanaoogelea chali, filimbi ndefu ya kwanza huwaingiza majini na ya pili huwarudisha ukutani. Baada ya hapo mwanzishaji huwaambia wajiweke tayari, kisha hutoa mlio. Kati ya filimbi ndefu na mlio huo, watazamaji wote wanapaswa kukaa kimya. Mzazi anayeliita jina la mwanawe wakati huo anadhani anamtia moyo, kumbe anamfanya atikisike kibaoni, na mtikisiko huo unaweza kumgharimu.

Sasa nije kwenye kufutiwa matokeo, jambo ambalo linahitaji maelezo marefu. Majaji wa mitindo ya kuogelea husimama pembeni na kwenye ncha za bwawa, wakiangalia waogeleaji wa timu zote mbili kwa kipimo kimoja. Katika mtindo wa chura na wa kipepeo, mikono yote miwili lazima iguse ukuta kwa wakati mmoja. Mkono mmoja ukitangulia, hata kwa sehemu ya sekunde, ni kosa. Katika chura, nyayo lazima zigeukie nje wakati wa kusukuma maji, na mguu mmoja ukikata kama mkasi, ni kosa. Kwa mwenye kuogelea chali, lazima amalize akiwa bado chali; watoto wadogo hugeuka kuutafuta ukuta kwa macho, na hilo ndilo kosa tunaloliona zaidi kwa walio chini ya miaka minane. Mfundishe mwanao kuhesabu mizungusho ya mikono kuanzia pale anapopita chini ya bendera zilizotundikwa mita tano kutoka ukutani. Katika mtindo huru, mtoto aliyechoka anaruhusiwa kusimama chini akapumzika, lakini haruhusiwi kutembea wala kujirusha kwa kukanyaga sakafu ya bwawa. Katika mbio za kupokezana, anayefuata haruhusiwi kuondoka kabla mwenzake hajagusa ukuta.

Jaji anapoona kosa huinua mkono juu mara moja, kisha hujaza karatasi yenye namba ya shindano, njia na aina ya kosa, na kuipeleka kwa refa. Refa humuuliza alikuwa amesimama wapi, aliona nini, na ni kanuni ipi iliyovunjwa. Jibu likiwa na mashaka, refa huikataa karatasi hiyo na matokeo ya mtoto hubaki, kwa sababu msingi wa kazi yetu ni kwamba shaka yoyote humnufaisha mwogeleaji. Kwa hiyo karatasi inayopita imepita katika macho ya mtu zaidi ya mmoja. Mzazi hana ruhusa ya kumfuata jaji ukingoni, na video ya simu haipokelewi kama ushahidi. Mwenye swali amwone mwakilishi wa timu yake, naye ndiye atakayezungumza na refa. Anayemfokea mwamuzi anaweza kuamriwa kuondoka eneo la bwawa, na hilo limewahi kutokea mbele ya watoto.

Ninasema haya kwa sababu nimesikia wazazi wetu wakisema kwamba mtoto ameonewa kwa ugeni wake. Ninaielewa hofu hiyo na siidharau. Lakini adhabu hii haipunguzi pointi za timu wala haimfungii mtoto mashindano yajayo. Anapoteza muda wake na nafasi yake katika shindano lile moja, kisha kocha anajua la kumfundisha Jumatatu.

Kuhusu muda, kila njia huwa na saa za kupimia mbio tatu, zinazoshikwa mkononi na watu, na muda rasmi ni ule wa katikati. Saa zikisoma sekunde 21.34, 21.41 na 21.58, mtoto ameandikiwa 21.41. Saa ya simu yako ukiwa umekaa chini ya mwavuli si ya nne.

Simu hiyo hiyo hairuhusiwi kupiga picha vyumbani mwa kubadilishia nguo wala nyuma ya vibao wakati wa kuanza, na hapa hatutoi onyo mara mbili. Ngurumo ikisikika, kila mtu hutoka majini, na tunasubiri dakika 30 kutoka ngurumo ya mwisho kabla ya kurudi.

Mavazi hayahitaji gharama kubwa. Mavazi ya mbio ya bei ghali hayaruhusiwi kwa watoto wa miaka 12 na chini katika mashindano ya chama cha kuogelea cha Marekani tangu Septemba 2020, na hata pale ambapo ligi yako haina katazo hilo, fedha hizo zina matumizi bora zaidi. Binti mwenye nywele nyingi au zilizosukwa anahitaji kofia pana. Mwaka 2021 shirikisho la kimataifa la kuogelea lilizikataa kofia pana za namna hiyo, za kampuni ya Soul Cap, kabla ya Olimpiki ya Tokyo, na uamuzi huo uliwaumiza wengi wetu. Septemba 2022 zikaidhinishwa. Mtoto asizuiwe kuogelea kwa sababu ya nywele zake. Shanga tu ndizo zivuliwe, kwani zikikatika huzama bwawani. Familia inayotaka mtoto avae vazi la kumsitiri mwili imwarifu mwakilishi wa timu siku kadhaa kabla, si asubuhi ya mashindano.

Mwisho ni suala la watu wa kujitolea. Washika saa, wapanga watoto, waandishi wa matokeo na majaji wenyewe ni wazazi. Hakuna anayelipwa, na mashindano hayawezi kuanza njia zikiwa hazina washika saa. Kushika saa hufundishwa ukingoni kwa dakika chache asubuhi ile ile. Ujaji una mafunzo yake kabla ya msimu, kisha unasimama na mwamuzi mzoefu kwa siku zako za mwanzo, ukiwa umevaa shati jeupe na suruali ya buluu. Majina ya wanaotaka mafunzo hupelekwa kwa mwakilishi wa timu mwezi Mei, na ningefurahi sana kuona majina ya kwetu zaidi katika orodha ya mwaka huu.