Je, wajua kwa nini mtu anaweza kuwa na njaa asiihisi?

Chakula kipo jikoni, kupika anajua, na saa ya mapumziko ilikuwepo. Hata hivyo mtu mzima mwenye ADHD (hali ya ubongo inayofanya umakini uwe mgumu kuudhibiti) au usonji (autism, hali inayobadilisha namna ubongo unavyopokea mazingira na watu) anaweza kufika saa kumi jioni hajatia kitu tumboni, akashtukia kichwa kinamuuma, mikono inatetemeka na kila anayemsemesha anamkera. Ukimuuliza kwa nini hakula, atakwambia kweli tupu: hakujua kwamba ana njaa.

Wengi hawalisadiki jibu hilo. Husema ni mvivu, hana nidhamu, au anajinyima makusudi. Walio wapole humchorea ratiba ya mlo ya wiki nzima, wakidhani alichokosa ni mpango. Ratiba hudumu siku chache, kisha lawama hurudi nzito zaidi, maana sasa anaonekana amekataa hata msaada. Nyuma ya yote hayo ipo imani moja: kwamba mwili ukihitaji chakula utasema, na mwenye mwili atasikia. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili haiwi kweli kwa kila mtu, na hapo ndipo watu huumizwa bure. Ratiba hujibu swali la “nile nini?” ilhali mtu huyu amekwama hatua moja kabla ya swali hilo, na mara nyingi hukwama tena hatua moja baada yake.

Njaa huanza kama taarifa. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni iitwayo ghrelini, iliyogunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 1999, na neva ya vagasi hupeleka habari za tumbo kwenye ubongo. Huko, sehemu iitwayo insula husaidia kuzigeuza habari hizo kuwa kitu unachokihisi na kukitambua. Uwezo huo wa kuhisi yanayotokea ndani ya mwili huitwa interosepsheni.

Chukua mfano wa kengele ya mlangoni. Mgeni anabonyeza, kengele inalia, lakini ndani redio iko juu na watu wanazungumza. Mwenye nyumba si kiziwi, wala hajakataa wageni. Mlio tu hauvuki kelele. Mgeni anabonyeza tena na tena, mwishowe anaupiga mlango kwa ngumi, na hapo mwenye nyumba anaruka kwa hofu asijue ni mgeni au ni mwizi. Kwa mwenye ADHD, kelele hiyo inaweza kuwa kazi iliyommeza akili. Kwa mwenye usonji inaweza kuwa taa, sauti na harufu zinazomjia kwa pamoja. Au mlio anausikia, ila hajui ni wa njaa, kichefuchefu au wasiwasi. Ngumi ndiyo yale maumivu ya kichwa. Na kibaya zaidi, njaa iliyochelewa kutambuliwa humkuta mtu akiwa hana tena nguvu ya kuchagua chakula, kuandaa na kuwasha jiko.

Ushahidi wenyewe una mipaka. Vipimo vingi huangalia moyo, si tumbo: mtu huombwa ahesabu mapigo yake bila kujishika, njia aliyoieleza Rainer Schandry wa Ujerumani mwaka 1981, na anayejua kasi ya kawaida ya moyo anaweza kukisia tu. Mwaka 2016 Sarah Garfinkel na wenzake nchini Uingereza walikuta watu wazima wenye usonji wakikosea hesabu zaidi, huku wakijieleza kuwa wanauhisi mwili wao kupita kiasi. Wapo pia ambao njaa huwajia kwa ukali mno.

Kwa hiyo mpango unaofaa hauanzi na mapishi. Huanza na ishara ya nje: alamu, au mwenzako wa kazini anayekupitia mwende kula. Saa zikiwa zilezile ni bora, kwa kuwa ghrelini huelekea kupanda kabla ya nyakati ambazo mtu amezoea kula. Chakula cha karibu kiwe kisichohitaji uamuzi wala moto. Kurudia mlo uleule kila siku si kosa, na kwa wengi ndiko kunakowaokoa. Lakini orodha ya vinavyolika ikizidi kufupika na uzito ukashuka, huenda ni ARFID, tatizo la ulaji lililotambuliwa rasmi katika mwongozo wa utabibu wa akili wa Marekani mwaka 2013, na hilo ni la kupeleka kwa daktari.

Wanaotumia dawa za ADHD kama methilifenideti wana jambo moja la ziada, kwa sababu dawa hizo hupunguza hamu ya kula. Wengi hufaidika kwa kula vizuri kabla ya dozi ya asubuhi, kisha kuweka mlo mwingine mkubwa jioni, nguvu ya dawa inapoisha na hamu kurudi.