Moyo wa mbuzi darasani: mwambie mwenye bucha asikate mishipa

Ukienda bucha kununua moyo wa kufundishia, usiseme tu "nipe moyo". Utapewa moyo wa kitoweo: umesafishwa, mafuta yamebanduliwa, mishipa ya juu imefyekwa hadi kwenye nyama, na pengine umeshapasuliwa katikati. Mwenye bucha hana kosa. Mteja wake wa kila siku haitaki ile mipira myeupe ya juu isiyotafunika. Mwalimu ndiye anayeitaka. Agiza siku moja kabla, mwambie aache mishipa urefu wa vidole vitatu au vine, na asiingize kisu ndani kabisa. Moyo wa ng'ombe utakuja na michano hata umsihi vipi, kwa sababu mkaguzi wa nyama kule machinjioni huuchana kutafuta vifuko vya tegu, minyoo ambao machanga yao hupenda kujificha kwenye msuli wa moyo. Ndiyo maana nyumbani kwangu mjadala uliisha zamani: nachukua wa mbuzi.

Nafanya kazi kitengo cha magonjwa ya moyo, na sehemu ya kazi hiyo ni kuzunguka mashuleni. Haya ya bucha nimeyajua kwa aibu. Safari yangu ya kwanza nilifika mbele ya kidato cha pili na mioyo sita ya ng'ombe ndani ya mfuko, nikaimwaga kwenye sinia, yote imekatwakatwa kama ya mishikaki. Kijana mmoja wa nyuma akauliza mkaa uko wapi. Siku hiyo tulisoma picha ubaoni.

Vitabu vingi husema moyo wa nguruwe ndio unaofanana zaidi na wa binadamu, na ni kweli. Lakini darasa letu lina Waislamu, Wakristo na Wasabato kwenye dawati moja. Wa mbuzi hauachi mtoto nje ya mlango, na una vyumba vinne na milango minne sawasawa na wa kwetu.

Kabla ya kisu, waambie waoneshe kwa kidole moyo wao ulipo. Karibu wote watashika upande wa kushoto, chini ya mfuko wa shati. Moyo umekaa katikati, nyuma ya mfupa wa kifua, umeinama tu ncha yake ikaelekea kushoto, na ncha hiyo ndiyo inayogonga tukaisikia. Kisha wakunje ngumi: moyo wa kila mmoja wao unakaribia ukubwa wa ngumi yake mwenyewe. Picha za vitabuni zina ugomvi wao pia. Moyo uliochorwa umekutazama, hivyo kushoto kwake ni kulia kwako, na damu ya upande mmoja imepakwa buluu. Nimekutana na wanafunzi wazuri kabisa wanaoamini kwamba mwilini kuna damu ya buluu. Waambie wakumbuke siku ya kuchinja: ipo damu nyekundu inayong'aa na ipo iliyokoza kama zabibu nyeusi. Buluu haipo, ni rangi ya mchoraji.

Sasa wape moyo, lakini bado usiwape wembe. Waubonyeze. Upande mmoja wa chini unabonyea kama shavu, mwingine unagoma kama mpira wa tenisi. Ule mgumu ndio kushoto, na ukuta wake ni mnene takriban mara tatu ya mwenzake. Waulize kwa nini, halafu nyamaza. Mwishowe atatokea mmoja wa kusema kwamba wa kulia unapeleka damu hapo jirani tu, kwenye mapafu, na wa kushoto unaipeleka hadi kwenye kidole gumba cha mguu. Jibu hilo likitoka kwa mwanafunzi, hutahitaji kulirudia.

Pasua kila upande kutoka ncha kwenda juu, uache ukuta wa katikati mzima. Hapo wape chelewa moja ya ufagio watafute tundu la kupita kutoka kulia kwenda kushoto. Hawatalipata. Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, alifundisha kwamba ukuta huo una vitundu visivyoonekana vya kupitishia damu, na kwa miaka zaidi ya elfu moja wasomi wakakubali. Aliyesema hapana ni Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi Cairo na kufariki 1288. Aliandika kwamba ukuta ule hauna tundu, kwa hiyo damu haina budi kuzunguka kupitia mapafuni ndipo ifike kushoto. Watoto wenye chelewa mkononi humwelewa mara moja. Mmoja wao huchoma kwa nguvu hadi atoboe, kila darasa lina wa namna hiyo, na hapo tunapata nafasi ya kuongea kidogo juu ya watoto wanaozaliwa na tundu kwenye ukuta huo.

Chungulieni ndani. Mtaona nyuzi nyeupe, nyembamba na ngumu, zimefungwa kwenye vilima vidogo vya msuli, juu zimeshika utando kama kamba zilivyoshika tanga la ngalawa. Huo utando ni mlango, valvu kama tunavyosema hospitalini. Vuta uzi mmoja kwa kidole uone utando unavyoitika. Bila nyuzi hizo, moyo ukikaza mlango ungepinduka kama mwavuli kwenye upepo, damu ikarudi ilikotoka.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote linataka chupa ya maji tu, na ndilo lililonifanya niwasumbue wenye bucha kuhusu mishipa. Shika aota, ule mshipa mkubwa mnene unaotoka kushoto, uusimamishe kama shingo ya chupa, umimine maji ndani yake. Utadhani yatapita moja kwa moja yamwagike chini, maana huko chini umeshapasua. Hayapiti. Vijifuko vitatu vyembamba kama karatasi ya sigara vinajaa, vinakutana katikati na kufunga. Maji yanasimama. Darasa linanyamaza, halafu kila mtu anataka kumimina yeye. Hakuna anayevuta mlango huo. Damu yenyewe ikitaka kurudi ndiyo inayoufunga. Maji yakishuka polepole msishtuke, yanapotelea kwenye matundu mawili madogo yaliyo juu kidogo ya vile vijifuko. Ingiza chelewa humo uifuate: inakwenda kwenye nyama ya moyo wenyewe. Ndiyo mishipa inayoulisha moyo, na tawi lake likiziba kwa ghafla, sehemu hiyo ya msuli huanza kufa. Hilo ndilo shambulio la moyo.

Baada ya hapo sauti ina maana. Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker mjini Paris, daktari René Laennec alikuwa na mgonjwa wa kike ambaye hakuona adabu kumwekea sikio kifuani. Akakunja karatasi kama bomba, akasikia vizuri kuliko alivyotarajia, na stetoskopu ikaanzia hapo. Sisi tunatumia faneli mbili na mpira wa maji wa nusu mita, na kwenye mdomo wa faneli moja tunavuta kipande cha puto. Kila mmoja ajisikilize mwenyewe, faneli moja kifuani na nyingine sikioni. Suala la nani anamshika nani linaisha lenyewe, na mwenye hijabu hahitaji kufungua chochote. Watasikia dum-ta, dum-ta. Watu wengi hudhani ni msuli unaopiga. Ile dum ya kwanza, nzito, ni milango ya kati ya vyumba vya juu na vya chini inafunga. Ta, fupi na kavu, ni ile mliyoijaza maji na mwenzake wa upande wa mapafu. Moyo wenye afya ni nyumba ambayo milango yake inafungwa vizuri, na sisi tunasikia inavyobamizwa.

Kuhusu kazi inayofanyika humo, chukua kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono cha wauza kahawa wa mtaani. Kinabeba kama mililita 70, na hicho ndicho kiasi ambacho moyo wa mtu mzima hutoa kwa pigo moja akiwa ametulia. Weka ndoo mbili, mwanafunzi ahamishe maji kwa kikombe hicho mara 70 ndani ya dakika moja. Akimaliza, mkono unamuuma na sakafu imelowa, na amehamisha lita tano hivi. Moyo ungejaza dumu la lita 20 kwa dakika nne na kuendelea hadi madumu 350 kwa siku. Hesabu ya namna hii ndiyo iliyomfikisha William Harvey, Mwingereza aliyechapisha kitabu chake 1628, kwenye hoja kwamba damu inazunguka. Moyo hutoa kwa nusu saa damu nyingi kuliko iliyomo mwilini mote, basi haiwezekani ini liwe linatengeneza damu mpya kila mara, kama wasomi walivyoamini. Ni ileile inarudi.

Mapigo ya mkononi hayahitaji maelezo mengi. Vidole viwili vya kati chini ya kidole gumba, hesabu sekunde 15, zidisha kwa nne. Wasitumie kidole gumba, kina mapigo yake mwenyewe. Chomeka njiti ya kiberiti kwenye kidonge cha udongo wa mfinyanzi, kiweke juu ya mapigo hayo, njiti itacheza na watoto watacheka. Kukimbia ndiko kunakotaka tahadhari: kabla ya kumtoa mtoto mbio uwanjani, uliza kimyakimya nani ana pumu, selimundu au tatizo la moyo, na nani amefunga. Wasiokimbia ndio waandishi. Mwezi wa Ramadhani mimi hupima waliokaa na waliosimama tu, tofauti inaonekana vilevile. Na kutobolana vidole kupata tone la damu, hapana, hata shule iwe na maabara nzuri kiasi gani.

Tunamalizia uwanjani. Chora kwa chokaa moyo mkubwa, mapafu na mwili. Wanafunzi ni damu: wakipita mapafuni wanapewa kizibo cha soda, ndiyo oksijeni, wakifika mwilini wanakiacha. Kwenye kila mlango simamisha wawili walioshikana mikono, wanaoruhusu kwenda mbele tu. Waache wazunguke mpaka wazoee, halafu wanong'oneze wale wa mlango wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini, waachie mikono. Damu inarudi nyuma, chumba cha juu kinajaa watu, foleni inafika hadi mapafuni, wengine wanakanyagana. Umewaonesha, bila neno, kwa nini mgonjwa wa valvu anakosa pumzi akilala chali.

Huo mlango wa kushoto ndio unaoharibika zaidi kwa watoto wa hapa kwetu, na safari yake huanzia kooni. Kuna bakteria aina ya streptokoka wanaoumiza koo, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Kwa baadhi yao koo hupona, lakini wiki mbili hadi nne baadaye kinga ya mwili iliyoamshwa inageukia viungo na moyo. Mtoto anapata homa, goti linauma leo, kesho kiwiko. Ikijirudia, valvu hupata makovu, haifungi au haifunguki vizuri. Maji ya chumvi, asali na ndimu yanatuliza koo lakini hayaui bakteria hao, penisilini inawaua. Kukata kimeo hakutibu chochote, na nimeona watoto walioletwa wakivuja damu. Aliyekwisha kuugua homa hiyo anahitaji sindano ya kinga kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi, na valvu ikishaharibika kabisa kinachobaki ni upasuaji, kama unaofanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mtoto aliyemimina maji kwenye aota asubuhi ile hanisumbui kwa swali la kwa nini koo lihusiane na moyo. Huuliza valvu ya bandia inatengenezwa na nini.

Mkimaliza, mikono kwa sabuni, meza kwa jiki, wembe kwenye kopo lenye mfuniko. Mioyo isirudi jikoni hata kama mpishi wa shule anaitazama kwa hamu, imeshikwa na mikono arobaini. Chimbeni shimo la kufika magotini. Tulipochimba la kiganja tu, mbwa wa jirani alitokea mstarini asubuhi yake na kipande cha aota mdomoni.