Je, Lij Iyasu wa Ethiopia alipinduliwa kwa sababu alisilimu?

Ukimuuliza mtu aliyepitia historia ya Ethiopia kwa nini Lij Iyasu alipoteza kiti mwaka 1916, jibu huja upesi: alisilimu. Nami nilijibu hivyo kwa miaka, tena kwa kujiamini. Ni jibu linaloonekana halina pengo. Nchi ya Kikristo, mtawala anaonekana msikitini, wakubwa wanamwondoa. Nilipoanza kufuatilia mambo kwa karibu ndipo nilipoona kwamba nilikuwa naliuliza swali upande usio wake. Wapinzani wa Iyasu walikuwa na malalamiko chungu nzima. Kwa nini walishika hilo moja?

Kwa ufupi, Iyasu alikuwa mjukuu wa Mfalme Menelik II, yule aliyewashinda Waitalia pale Adwa mwaka 1896. Menelik hakuacha mtoto wa kiume wa kumrithi, na mwaka 1909, akiwa tayari amepigwa na kiharusi, alimtangaza Iyasu kuwa mrithi. Alikata roho Desemba 1913. Kijana akashika nchi nzima, lakini hakuvishwa taji. Aliendelea kuitwa Lij, cheo cha mtoto wa ukoo mkubwa, na maana yake hasa ni "mtoto".

Sasa hilo la kusilimu. Baba yake, Ras (cheo cha kabaila mkuu) Mikael wa Wollo, jimbo la kaskazini, alizaliwa Mwislamu na jina lake lilikuwa Mohammed Ali. Alibatizwa mwaka 1878 kwa shinikizo la Mfalme Yohannes IV. Kwa hiyo Iyasu alikuwa na ndugu Waislamu kwa upande wa baba, na hakuwaficha. Alioa katika koo za watawala wa Kiislamu, akawapa Waislamu vyeo, akakaa miezi mingi Harar na katika nchi ya Waafar. Alisemwa kwamba anasali msikitini, kwamba amevaa kilemba, kwamba ametoa bendera yenye maneno ya shahada. Picha za kilemba zilisambazwa, na wanahistoria hadi leo wanabishana kuhusu uhalali wake.

Ila tazama ndoa zake zote, si zile zilizotajwa kwenye mashtaka tu. Kabla ya hapo alikuwa ameozwa binti wa Ras Mengesha wa Tigray, na baadaye binti wa Ras Hailu wa Gojjam, wote Wakristo wa nyumba kubwa. Huyu ni mtu aliyekuwa akifunga undugu pande zote za dola. Na dola lenyewe Menelik alikuwa amelipanua kwa vita mpaka likabeba mamilioni ya Waislamu: Harar peke yake ilitekwa mwaka 1887. Mtawala aliyetaka watu hao wajione wenyeji angefanya mengi kati ya hayo aliyofanya Iyasu. Hakuna tangazo lolote alilotoa hadharani la kuuacha Ukristo. Moyoni mwake siwezi kumsemea. Ninachoweza kusema ni kwamba ushahidi unaonyesha siasa ya kuwakumbatia Waislamu waziwazi zaidi kuliko unavyoonyesha shahada.

Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyoifanya siasa hiyo iwe ya hatari. Waosmani wa Uturuki waliingia vitani mwishoni mwa 1914 upande wa Ujerumani na kutangaza jihadi. Ethiopia ilikuwa imezungukwa na makoloni ya Uingereza, Ufaransa na, kuanzia Mei 1915 ilipojiunga nao vitani, Italia. Iyasu aliwapokea wajumbe wa Kituruki na kumpelekea silaha Sayyid Mohammed Abdullah Hassan, aliyekuwa akipigana na Waingereza katika nchi ya Wasomali tangu 1899. Waingereza wakati huo walikuwa bado wanamfukuza Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, huku kwetu (Dar es Salaam ilianguka mikononi mwao Septemba 4, 1916) na hawakutaka moto mwingine uwake kaskazini mwa Kenya. Septemba hiyohiyo balozi tatu za Addis Ababa zilipeleka malalamiko ya pamoja. Wapo wanaosema basi Wazungu ndio waliompindua. Waliwapa moyo wapinzani, hilo kweli. Lakini chuki ya makabaila wa Shoa, jimbo la kati alikotoka Menelik, ilikuwa ya zamani zaidi. Walikuwa wakuu wa nchi enzi za Menelik, na sasa walimwona Mikael wa Wollo amefanywa Negus, yaani mfalme, mwaka 1914 na kupewa kaskazini yote. Kisha Agosti 1916 Iyasu akamnyang'anya Tafari Makonnen mji wa Harar, uliokuwa wa baba yake Tafari, na kutaka kumpeleka jimbo la Kaffa, kusini-magharibi. Harar iko karibu na Dire Dawa, ilikofika reli ya Djibouti. Aliyeishika alishika ushuru na mlango wa bunduki.

Basi sababu zilikuwepo, watu walikuwepo, na balozi zilikuwa nyuma yao. Kilichowazuia ni kiapo, na hapa ndipo penye kisa chenyewe.

Menelik alipomtangaza mjukuu wake mwaka 1909, aliwaapisha wakuu wa nchi na kuambatanisha apizo: atakayemsaliti mrithi huyo azae mbwa mweusi. Askofu mkuu, Abuna Mattewos, akalitilia muhuri wa kanisa.

Msomaji wa pwani ataelewa haraka kwa kufikiria halbadiri, kile kisomo cha kumwapiza mkosaji. Mtu ameibiwa mtaani, anatangaza kwamba Ijumaa itasomwa halbadiri. Hakuna polisi aliyeitwa, hakuna nyumba iliyopekuliwa, lakini usiku mali inarudishwa mlangoni. Nguvu yake ni kwamba kila mmoja analisikia lile neno ndani mwake, na anajua jirani naye amelisikia. Sasa chukua kisomo hicho, kisomewe makabaila wote na majeshi yao, tena na mfalme aliyeheshimika kuliko wote. Ras anaweza kumchukia Iyasu hadi asipate usingizi, lakini akiwaita askari wake leo, kila askari atajiuliza: na lile apizo je?

Na kama ilivyo kwa fundo la kisomo, si kila mkono unaweza kulifungua. Aliyelifunga kwa niaba ya kanisa ni Abuna, na ni yeye tu aliyeweza kuwafungua watu. Huwezi kumwendea ukamwambia mtawala ni mzembe, hakai mji mkuu, amempa baba yake cheo kikubwa mno. Kiapo hakikusema "mtiini akiwa mchapakazi". Kulikuwa na ufunguo mmoja unaoingia kwenye kufuli hilo: kuonyesha kwamba mtu aliyeapiwa hayupo tena ndani ya imani ambayo kiapo kilifungiwa. Ndiyo maana shtaka likawa lile na si jingine. Hata ukiamini kwamba alisilimu kweli, bado hicho ndicho kilicholipa shtaka nguvu ya kisheria.

Septemba 27, 1916, siku ya Meskel, sikukuu ya Msalaba, wakuu na askari walikuwa wamejaa Addis Ababa kama kila mwaka. Mashtaka yakasomwa. Abuna Mattewos alisitasita, kisha akawafungua na kiapo. Zewditu, binti ya Menelik na mama mdogo wa Iyasu, akatangazwa malkia. Tafari akawa mrithi na msimamizi wa dola.

Fundo kufunguliwa hakukuleta amani. Huko Harar Waislamu waliuawa ovyo na askari, na Iyasu akakimbilia kwa Waafar. Negus Mikael akashuka na jeshi kumtetea mwanawe. Husimuliwa kwamba waziri wa vita, Habte Giyorgis, alimtumia maneno ya urafiki ili apunguze mwendo wakati Shoa inakusanya watu. Oktoba 27, mwezi mmoja kamili baada ya Meskel, majeshi yalikutana Segale na Mikael akatekwa. Siku chache baadaye alipitishwa mbele ya Zewditu akiwa na minyororo.

Februari 1917 Abuna yuleyule alimpaka Zewditu mafuta na kumvika taji. Iyasu alikamatwa mwaka 1921, akatoroka 1932, akakamatwa tena. Tafari, ambaye kufikia hapo alikuwa amevishwa taji kwa jina la Haile Selassie, alimweka kizuizini huko Garamuleta. Alifia huko Novemba 1935, Waitalia wakiwa wameshaingia nchini, bado anaitwa Lij.