Uingereza haikuwalipa Mau Mau kwa kupigana

"Wakili, tumefuata ile pensheni ya Mau Mau. Wenzetu walilipwa 2013, sisi tukaachwa."

Safari hii aliyesema ni mjukuu. Babu yake alikuwa ameketi kando, mfukoni ana kadi ya chama cha wapiganaji iliyotiwa plastiki, na nyuma ya kadi amekunja risiti za "ada ya usajili": zimeandikwa kwa kalamu, hazina muhuri wala anwani. Maneno haya nimeyasikia mpaka nimechoka. Hasira yangu si kwa mzee, ni kwa wanaomtoza.

Hakuna pensheni ya Mau Mau London. Haijawahi kuwepo. Kesi iliyofunguliwa Mahakama Kuu kule mwaka 2009 ilihusu mateso. Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi na Jane Muthoni Mara hawakudai malipo ya kupigana msituni, walidai fidia ya waliyofanyiwa wakiwa mikononi mwa serikali ya kikoloni. Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, akatangaza bungeni pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228, gharama za mawakili zikiwa humo humo. Gawanya mwenyewe: hata ukisahau mawakili, hazifiki pauni 4,000 kwa mtu, tena mara moja tu. Serikali yake ilisema inajuta, na papo hapo ikakana kwamba inawajibika kisheria.

Pensheni ni mambo mengine kabisa. Inataka mwajiri, namba ya kazi, siku ya kuandikwa na siku ya kuachishwa. Askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, aliyetumwa msituni alikuwa na namba. Aliyekuwa akiwindwa hakuwa nayo, na hakuna karani aliyekaa kwenye misitu ya Nyandarua akiandika orodha ya mishahara.

Sasa, hapa ndipo watu wanaponikera kwa kupita mbio. Mtu hukusanya wazee wote wa kijiji na kuwaambia kesi yao ni moja. Si moja! Kijana aliyezolewa barabarani Nairobi katika Operesheni Anvil, ule msako mkubwa wa Waingereza wa Aprili 1954, akapelekwa kambi ya kizuizi ya Manyani na kupigwa huko, alikuwa na la kudai hata kama hakuwahi kula kiapo cha Mau Mau. Mwenzake aliyekaa msituni miaka mitatu, akalala njaa, akazika marafiki, lakini hakukamatwa wala kuguswa na mlinzi wa kambi, hakuwa na kesi. Kadhalika mama aliyebeba chakula na risasi usiku bila kugunduliwa. Kesi ile ililipa kidonda, haikulipa bunduki.

Jambo hili linanisumbua. Wazee wanapokuja kuandikisha maelezo wanataka kusimulia vita: nani alikuwa jenerali wao, daraja gani walivunja, nani aliwasaliti. Sisi mawakili tunawakatiza. "Mzee, turudi kambini. Nani alikupiga? Kwa kitu gani?" Ndivyo kesi inavyotaka, lakini mtu aliyekuja kama mpiganaji anaondoka ameandikwa kama majeruhi, na sina hakika kwamba hiyo ni haki, hata pale pesa zinapopatikana.

Halafu kuna muda. Mwaka 2012 Jaji McCombe wa mahakama ile ya London aliruhusu kesi ya wale wa kwanza iendelee kwa kuwa nyaraka zilizobaki zilitosha kuisikiliza kwa haki, zikiwemo faili zilizofichwa miaka mingi Hanslope Park, kituo cha serikali ya Uingereza. Mwaka 2018, kesi ya pili yenye walalamishi zaidi ya 40,000 ikaanguka: muda umepita mno, mashahidi wamekufa. Hukumu zote mbili naweza kuzieleza kwa lugha ya sheria. Kumweleza mzee anayekumbuka kwamba alipigwa msimu wa kuvuna mahindi, lakini hakumbuki mwaka, hapo sheria yangu hainisaidii.

Kama kuna deni la utumishi, mdaiwa yuko hapa hapa Nairobi. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau iliondolewa 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Sheria ya Mashujaa ikapitishwa 2014. Lakini kutambuliwa kuwa shujaa hakumpi mtu malipo ya kila mwezi moja kwa moja. Wa kusukumwa ni Bunge la Kenya, na nasema hivyo nikijua kwamba Bunge lina muda na wazee hawana.

Kwa sasa, hakikisha mzee ameandikishwa Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya, ile Sh2,000 kwa mwezi ya waliotimiza miaka 70. Haina uhusiano na vita, lakini ni yake. Mrekodi kwa simu, kwa lugha yake ya nyumbani, bila kumkatiza: kambi, majina ya aliofungwa nao, chifu wa wakati ule, na vita pia. Kipande chake cha zamani, kile kitambulisho cha kikoloni, kipige picha pande zote mbili, chenyewe kibaki nyumbani. Na anayekuja na daftari la kusajili watu wa kulipwa na London, mwambie akuonyeshe namba ya kesi kabla hujatoa hata shilingi.