Koti la manyoya ya bata: kabla hujalipa, lishike

Oktoba ikishaingia, swali linaloletwa mezani kwangu ni lile lile. "Fundi, hili limeandikwa 800, hili lingine 600. La 800 ndilo lenye joto zaidi, sivyo?" Nashona na kukarabati makoti ya baridi hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, mji ambao Januari 30, 2019 uliamkia nyuzi 33 chini ya sifuri za Selsiasi. Nyumba za kutunzia wazee hazifungwi kwa sababu ya baridi, na watu wetu wengi ndiko wanakofanya kazi, zamu za usiku, basi wanalisubiri nje. Kwa hiyo naeleza kwa kirefu, maana ile namba inapoteza wengi.

Namba hiyo hupatikana hivi. Wakia moja ya manyoya, karibu gramu 28, hutiwa ndani ya neli kubwa ya kioo, kisahani chepesi kikawekwa juu yake, halafu hupimwa nafasi ambayo manyoya yamejaza, kwa inchi za ujazo. Manyoya ya 800 yanajaza takriban lita 13. Ya 550 yanajaza kama lita 9. Basi namba inakwambia manyoya hayo yanavimba kiasi gani kwa uzito wake. Yametiwa mangapi ndani ya koti lako, hilo haikwambii kabisa.

Na joto liko hapo hapo. Koti halizalishi joto. Joto ni la mwili wako, na kinachozuia lisikimbie ni hewa iliyotulia katikati ya manyoya. Chukua makoti mawili. La kwanza lina gramu 100 za manyoya ya 800: hewa yake haifiki lita 50. La pili lina gramu 300 za manyoya ya 550: linakaribia lita 100. Dukani la kwanza ndilo litakalokuwa na bei ya kutisha na lebo ya kumetameta, na la pili ndilo litakalokufikisha nyumbani. Namba kubwa ina maana pale uzito unapokuwa adui. Anayepanda Kilimanjaro na koti lake ndani ya mfuko ana sababu ya kulipia 800. Anayesubiri basi hana.

Kwa hiyo ulizia gramu. Baadhi ya watengenezaji huziandika kwenye tovuti zao. Wengi hawaandiki, na muuzaji naye atakutazama kana kwamba umeuliza jina la bata mwenyewe. Hapo tumia mikono.

Kandamiza kifua cha koti kwa kiganja mpaka lilale bapa, kisha liachie. Manyoya mazuri yanainuka yenyewe mara moja. Sasa shika mabega, halafu sehemu ya juu ya kofia, halafu mikono karibu na kiwiko. Hapo ndipo viwanda vinapobania, kwa sababu mteja hujitazama kwenye kioo, naye kiooni huona kifua tu. Ukipata nafasi, ingiza simu ndani ya koti, washa tochi, utazame kutoka nje. Kama kitambaa si cheusi sana, utaona vivuli vya manyoya, na utaona pia madirisha matupu.

Halafu finya taratibu kwa ncha za vidole. Ukihisi vijiti vingi, hayo ni manyoya ya kawaida, yale yenye mti katikati. Manyoya laini, yanayoota chini ya yale ya juu hasa kifuani na tumboni mwa bata, hayana mti: ni kitone kidogo chenye nyuzi nyembamba zinazotawanyika pande zote, na nyuzi hizo ndizo zinazoshika hewa. Lebo ya 90/10 maana yake sehemu 90 ni laini na 10 ni zenye mti. 80/20 bado ni koti zuri kwa mtu wa mjini. Chini ya hapo bei nayo ishuke, na ujue kwamba vijiti vitakuchoma shingoni.

Bukini au bata wa kawaida? Watu wanaligombania hilo kuliko linavyostahili. Bukini ni mkubwa, kwa hiyo manyoya yake laini yanaweza kuwa makubwa zaidi, lakini bata aliyekomaa anamshinda bukini mchanga. Ninachokagua mimi ni harufu. Sugua sehemu ya koti kati ya viganja mpaka ipate joto, kisha inusie. Ikinuka banda, manyoya hayakuoshwa vya kutosha kiwandani, na siku koti likilowa utanuka wewe. Anayejali jinsi ndege walivyotunzwa atafute alama ya RDS (Responsible Down Standard), kiwango cha manyoya kilichoanza 2014, ambacho kinakataza kunyonyoa bata walio hai na kuwalisha kwa nguvu.

Sasa mishono, na hapa ndipo kazi yangu ilipo. Ile mistari inayoligawa koti vyumba vyumba iko ili manyoya yasihame. Njia rahisi ni kushona kitambaa cha nje na cha ndani pamoja, moja kwa moja. Shida ni kwamba kwenye kila mstari manyoya hayapo kabisa. Vitambaa viwili vimegusana na upepo unapita. Njia ya pili ni kuweka kuta ndogo za wavu kati ya vitambaa hivyo viwili, ili kila chumba kiwe kama sanduku. Inakula kitambaa, inakula muda, na bei inapanda. Kutambua ni rahisi: ingiza mkono mmoja ndani ya koti, mwingine uwe nje, ufinye juu ya mshono wenyewe. Vidole vikikutana na wembamba wa karatasi, limeshonwa moja kwa moja. Ukihisi kitu kinateleza na unene umebaki, kuna ukuta.

Usilikatae kila koti lililoshonwa moja kwa moja, lakini. Makoti mengi mazito ya hapa yana sehemu ya manyoya iliyofichwa chini ya ganda la kitambaa kigumu kisicho na mistari. Ganda hilo linauzuia upepo kabla haujafika kwenye mishono, na koti la namna hiyo linalishinda lenye mistari wazi hata kama manyoya ni yale yale.

Ukubwa wa vyumba nao ni mtego. Siku hizi mtindo ni vyumba vipana, vinavyong'aa na kujaa kama mito. Kuna mama mmoja aliniletea lake akilalamika kwamba mgongo unamganda. Nikafumua bitana. Chumba cha mgongoni kilikuwa kimoja, kutoka kwapa hadi kwapa, na manyoya yote yalikuwa yameshuka yakajikusanya kwenye mshono wa chini na pembeni. Kati ya mabega palibaki nailoni mbili tupu. Nilichofanya ni kugawa chumba kile kwa mishono mitatu na kuongeza manyoya, lakini hakuna fundi anayeweza kufanya kazi hiyo kwa bei ya chini, na koti lenyewe lilikuwa jipya. Shika koti kwenye ukosi, litikise kwa nguvu, kisha pima kwa vidole sehemu ya juu ya kila chumba. Dakika haiishi, jibu umeshalipata.

Unyoya mmoja mmoja ukichungulia kwenye mshono si ajabu. Usiuvute nje, kwa sababu unatanua tundu na wenzake watafuata. Ushike kwa upande wa ndani uurudishe. Ila yakitoka katikati ya kitambaa, mbali na mshono, kitambaa hakifai. Kinachotakiwa ni nailoni au poliesta iliyofumwa kwa kubanana sana, mara nyingi ikapitishwa kwenye rola za moto ili iwe laini na kuziba. Hitaji hilo ni la zamani. Mwaka 1922 mkemia George Finch alikwenda Everest na koti la manyoya ya eider, bata wa baharini wa kaskazini, lililofunikwa kwa kitambaa cha kutengenezea maputo ya angani. Wenzake, waliovaa sufu, walimcheka mpaka baridi ya huko juu mlimani ilipowashika.

Maji ndiyo udhaifu mkubwa. Manyoya yakilowa hushikana mabonge, hewa inatoka, na koti linabaki kuwa uzito tu. Hapa Minnesota baridi kali ni kavu na theluji unaipangusa kama unga, kwa hiyo koti la manyoya liko kwao. Kwa ndugu walioko London, ambako baridi kubwa ni mvua ya nyuzi 6, pesa hiyo ni bora iende kwenye koti la poliesta lenye ganda lisilopitisha maji. Nawaambia wazi kila wanaponiandikia, na bado wananunua manyoya kwa sababu wameyaona kwenye picha.

Zipu ndiyo hufa kwanza. Nataka meno makubwa ya plastiki, kichwa kinachofunguka kutoka juu na kutoka chini ili uweze kukaa kwenye gari, na ulimi wa kitambaa chenye manyoya nyuma yake, la sivyo upepo utapita kati ya meno. Ijaribu ukiwa umevaa glavu. Mwisho wa mikono kuwe na ukanda wa ndani uliofumwa, unaobana kifundo cha mkono. Urefu ufike katikati ya paja walau, na upimie ukiwa na sweta: chuchumaa, nyanyua mikono. Likiwa pana mno, kila hatua unayopiga inafukuza hewa ya joto kupitia pindo.

Maandishi ya "hadi nyuzi 30 chini ya sifuri" usiyape uzito. Mifuko ya kulalia ina kipimo cha pamoja cha kimataifa, lakini makoti ya madukani kwa kawaida kila mtengenezaji anajipimia mwenyewe, na anayetembea haraka si sawa na aliyesimama kituoni kwa nusu saa.

Kama bajeti ni ndogo, nenda mitumba kabla ya duka la bei rahisi. Koti la zamani lililotengenezwa vizuri, hata likiwa limelala, mara nyingi kilicholilaza ni mafuta na jasho tu. Lioshe kwenye mashine inayofunguliwa kwa mbele, kwa sabuni ya manyoya, bila dawa ya kulainisha nguo, kisha likaushe kwa moto mdogo pamoja na mipira miwili mitatu ya tenisi ya kuvunja mabonge. Litachukua saa kadhaa. Usilitoe mpaka mabonge yaishe, maana unyevu ukibaki ndani litaoza. Kiangazi litundike, usilishindilie kwenye begi.

Kwa watoto kuna jambo moja ambalo wengi wetu hatuambiwi tunapofika. Mtoto asifungwe kwenye kiti chake cha gari akiwa amevaa koti nene. Mkanda unaonekana umebana, lakini gari likigonga koti linasinyaa na mkanda unabaki umelegea. Kwa hiyo mchagulie koti linalovuliwa upesi, zipu moja, bila vifungo juu yake. Mvue, mfunge mkanda uguse kifua, kisha mvishe koti kinyume, mikono ndani na mgongo wa koti ukiwa mbele.