Sina Hadithi ya Kumpelekea Mwanao

Jumamosi iliyopita nilikuwa sokoni Mbuyuni nachagua ndizi, mama mmoja ninayemfahamu akanivuta pembeni. Kijana wake anakunywa. Amesikia kwamba mimi, mshauri nasaha, hutibu watu kwa hadithi, basi aliomba nimpe moja, kali, yenye funzo, akamsimulie jioni ili aache. Uchungu wake ulikuwa wa kweli na nilimsikiliza hadi mwisho. Lakini ombi hilo lilikuwa la tatu ndani ya mwezi mmoja. La kwanza lilitoka kwa mzee wa usharika, la pili kwa mwalimu, na yote matatu ukiyakamua yanatoa maji yale yale: nipe hadithi nimpige nayo.

Hadithi iliyobeba funzo mkiani ni mawaidha yaliyovalishwa ngozi ya sungura. Kijana anayekunywa ameshasikia mawaidha kanisani, msibani na mezani kwao. Ukianza tu "hapo zamani za kale" ameshajua unakompeleka, na ameshakaza miguu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Jack Brehm, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1966: mtu akihisi hiari yake inanyang'anywa, huishika kwa nguvu zaidi. Aliyewahi kumvuta mbuzi kwa kamba hahitaji kumsoma Brehm.

Wanaonipinga humtaja Milton Erickson, daktari wa akili wa Marekani aliyefariki mwaka 1980, aliyesifika kwa visa alivyowasimulia wagonjwa. Ni kweli alisimulia. Wanachosahau ni kwamba mara nyingi hakueleza maana yake, alimwacha mtu aondoke nayo mdomoni kama kokwa. Na niseme wazi: visa vyake vingi tumevipata kutoka kwake mwenyewe na kwa wanafunzi wake, kwa hiyo sielewi wenzangu wanaovinukuu kama majibu ya maabara.

Sisi tuna mfano wa karibu zaidi. "Kitendawili!" "Tega!" Watu wanadhani mshauri ndiye anayetega na mteja ndiye anayetegua. Ni kinyume chake. Mteja akiniambia "kichwa kimejaa," ametega. Nikikimbilia kujibu, "Una msongo wa mawazo," nimekisia tu, tena nimemnyang'anya zamu. Heshima ni kukubali nimeshindwa, nimpe mji, naye anieleze. Kimejaa nini? Maji? Moshi? Watu? Mmoja aliniambia kimejaa nyuki, mwingine kwamba ni stoo ambayo mlango wake haufungi. Hao hawana tatizo moja, hata kama kwenye faili ningewaandikia wote sonona.

Nikupe mfano mmoja kwa kirefu. Mhusika ameniruhusu, na nimebadilisha mambo yake ya kutosha asijulikane. Ni kijana mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, anayewabebea watalii mizigo, "mgumu" kama wapagazi wanavyojiita wenyewe. Alikuja kwa sababu hakuwa akipata usingizi tangu baba yake afariki. Kikao cha kwanza akasema, "Nimebeba mzigo mzito." Nami nikamjibu kama anavyojibu kila mtu mjini hapa, kuanzia mhubiri hadi jirani: sasa ni wakati wa kuutua.

Akanitazama kwa mshangao. "Nikiutua njiani, wageni watalala wapi?"

Mimi nilikuwa na mzigo wa mahubiri, ule wa kutua ukapumzika. Yeye alikuwa na mzigo wa Machame, njia mojawapo ya kupandia mlima: ndani yake kuna hema la watu, na asipoufikisha kambini kuna mtu atalala kwenye baridi, naye hana kazi tena. Neno ni moja, vitu viwili. Ningeendelea na sitiari yangu, ningemwambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba awatelekeze wadogo zake.

Nikaiacha ya kwangu nikaifuata ya kwake. David Grove, mtaalamu wa tiba ya mazungumzo kutoka New Zealand, aliacha maswali mepesi mno kwa kazi hii, yanayotumia maneno ya mteja bila kuyaongezea chumvi. Huo ni mzigo wa namna gani? Kuna nini kingine kuhusu mzigo huo? Akanieleza unavyokaa kichwani, shingo inavyouma wakati wa kushuka kuliko wa kupanda. Akasema, bila mimi kumuuliza, kwamba getini kila mzigo hupandishwa mzanini, haupaswi kuzidi kilo 20, na ukizidi kinachozidi huhamishiwa kwa mwingine.

Kisha akanyamaza. Nikanyamaza naye.

"Huu haukupimwa," akasema. "Nilitwishwa msibani, mbele ya ukoo."

Wiki iliyofuata alikuja na karatasi ya daftari. Ada za wadogo wawili. Dawa za mama. Deni la baba kwenye SACCOS. Paa la nyumba. Alikuwa ameupima mwenyewe. Hakutua kitu. Deni alilipeleka kwa baba zake wadogo, akawaambia hilo ndilo lililozidi kilo 20, nao kwa kuwa ni watu wa mlima walimwelewa bila hotuba. Usingizi ulirudi, si wote. Na hapa sina uhakika: huenda kilichomsaidia ni ile karatasi, au kukaa na mtu asiyemkatiza, na mzani wake ulikuwa mlango tu wa kuingilia. Tafiti za tiba ya mazungumzo zimeonyesha mara nyingi kwamba uhusiano wa mshauri na mteja una uzito mkubwa katika matokeo. Sitiari ilifanya kazi kiasi gani peke yake, siwezi kukupimia.

Jambo jingine linaloniudhi ni kuambiwa kwamba haya ni mambo ya kizungu. Michael White wa Australia na David Epston wa New Zealand, kuanzia miaka ya 1980, walifundisha wateja kulitenga tatizo na mtu, walizungumzie kama kitu kilicho nje yao. Kazi yao naiheshimu sana. Lakini sikiliza Kiswahili chako mwenyewe: hofu imenishika, hasira zimenipanda, mawazo yananiandama. Tatizo ndilo linalotenda, mtu ndiye anayetendwa. Sarufi yetu ilikuwa na mlango huo tayari, na sisi washauri tunaupita tukimwambia mtu "wewe ni mlevi," "wewe una hasira."

Mlango huo una hatari yake. Mume aliyempiga mkewe pia husema hasira zilinipanda, na anataka kesi iishie hapo. Kwake swali langu ni jingine: zilipopanda, mkono ulikuwa wa nani? Hapo siendi taratibu.

Na methali! Nazipenda, lakini nimeona "mvumilivu hula mbivu" ikimrudisha mwanamke kwenye nyumba ambayo hakupaswa kurudi. Shangazi yake hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na sentensi nzuri tu, na sentensi nzuri hufunga mdomo haraka kuliko kofi.

Hata picha ya kwetu inaweza kuumiza. Miaka kadhaa iliyopita, kwa ndugu wawili waliogombania kihamba, yaani shamba la ukoo, nilisema kwamba labda umefika wakati wa mmoja kumpelekea mwenzake jani la isale. Kwangu ilikuwa namna ya kusema. Kwa mkubwa wao halikuwa neno la mfano hata kidogo: kwa Wachaga isale likiletwa kuomba msamaha, kulikataa ni jambo zito. Alirudi nyumbani akisubiri jani liletwe, halikuletwa, na ugomvi ukaota mizizi mipya. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo, kabla ya kugusa mfano wowote nauliza kwanza kama kwa huyu ni mfano.

Wapo pia wasiotaka picha yoyote, wanataka kujua wafanye nini Jumatatu, nao wana haki hiyo. Mtu anayesikia sauti wasizozisikia wengine simwongezei mafumbo. Na mtu akidokeza kwamba amechoka kuishi, hadithi zote zinawekwa chini: namuuliza waziwazi, unawaza kujiua? Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo.

Yule mama wa Mbuyuni sikumpa hadithi. Nilimwomba, siku kijana akiwa mzima hajanywa, amuulize kitu kimoja tu bila kuongeza neno: pombe inakufanyia nini? Alinipigia Alhamisi usiku, sauti chini. Alimuuliza walipokuwa wanamenya ndizi. Kijana alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Inanizimia redio."

"Redio gani, mwalimu?" mama akaniuliza. "Hatuna redio chumbani kwake."

Nikamwambia sijui, arudi akampe mji.